Farasi wa Mahari

Kwetu mahari ni ng'ombe. Nalisema hilo mapema, kwa sababu asiyelijua hataelewa ilikuwaje mwanamke kama mimi, niliyeacha shule darasa la nne nikarudi kuchunga, nikaja kuwa mwenye farasi dume katika jimbo la Maryland.

Majina yote ninayo kichwani. Ya watu, ya farasi, hata la mbwa aliyekuwa akilala mlangoni pa zizi. Mungu hakunipa kusoma sana, akanipa hilo. Lakini katika hawa wengine wamelala, na wengine wana watoto wanaoamka kila asubuhi kwenda kazini, kwa hiyo majina nitakaa nayo mwenyewe.

Binti yangu alikwenda Amerika kusomea unesi, akaolewa na kijana wa hukohuko, Mmarekani mweusi, mtu mpole asiyeinua sauti hata timu yake ikifungwa. Wakanunua nyumba katika mji wa Bowie. Alipojifungua mtoto wa kwanza nikaitwa nije kulea kwa miezi sita. Miezi ile sijaimaliza mpaka leo.

Baba yake yule kijana, mzazi mwenzangu, alikuwa amefiwa na mke, akiishi peke yake kusini ya Bowie. Unashika barabara ya mia tatu na moja mpaka nyumba zianze kuachana, uone yale maghala marefu ya tumbaku ambayo siku hizi hayana tumbaku. Nilimwita Mzee, naye akaniita Mama. Kiswahili alikijua. Alijifunza ujanani, jioni jioni, katika chumba cha chini cha kanisa moja mjini Washington, enzi zile vijana weusi wa huko walipokuwa wakivaa nguo za Kiafrika na kujitafutia majina mapya. Kilikuwa Kiswahili cha kitabu, kimepigwa pasi. Nikimuuliza umeshindaje, hujibu kwamba ameshinda salama, naye angependa kujua kama mimi pia nimeshinda salama, mpaka unajiona uko mbele ya mkaguzi wa shule. Mwanawe hakujua zaidi ya "chakula" na "twende". Wajukuu wangu ndio hao, walinielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza.

Wakati wa posa, ndugu zangu walitaja ng'ombe kwenye simu. Watu wa siku hizi hutuma pesa mambo yakaisha, lakini Mzee alikataa. Alisema amesoma habari za mahari tangu ujana wake, sasa imemfikia mlangoni, hawezi kuipitisha benki. Akasema hana ng'ombe, ana farasi. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa upande wa pili wa simu, akauliza kama farasi anakamuliwa. Akaambiwa hapana. Akauliza kama analima. Akaambiwa farasi wa Mzee halimi wala hapandwi na mtu. Kaka akasema, "Basi mwambieni tumepokea mgeni."

Kwa hiyo nilipofika Amerika, Mzee alinitolea mwanafarasi dume, ametoka tu kuachishwa ziwa, rangi yake kama sufuria mpya ya shaba, akanitia kamba mkononi. Kwetu kupokea ni kazi ya wanaume, lakini mume wangu alikwishafariki na ndugu walikuwa mbali. Nikaipokea. Mzee alisema huyu ni mahari ya binti yangu, na mama yake yule mnyama alilelewa kwa chupa na marehemu mkewe, jikoni, wakati wa baridi. Nikamshukuru, nikamwambia amfuge yeye, maana nyumba ya Bowie ina chumba cha gari, haina zizi. Hilo halikuwa jambo geni kwangu. Kwetu pia mtu huweka ng'ombe wake kwa rafiki, na rafiki akawakamua, lakini ng'ombe wakabaki wa mwenyewe.

Farasi wa Mzee walikuwa wa maonyesho, wale wanaoshindana kwa kusimama. Nasema kusimama. Farasi huvishwa hatamu ya ngozi yenye vipande vya fedha, anaongozwa na mtu kwa miguu mbele ya mwamuzi, anasimamishwa miguu minne sawasawa kama meza, shingo mbele, masikio juu. Mwamuzi anamzunguka akimtazama kifua, mgongo, matako. Hakuna anayempanda. Anayeshinda ameshinda kwa umbo na kwa matunzo, na matunzo yale nilipoyaona mara ya kwanza nilicheka. Farasi hawatolewi juani rangi isichujuke. Wanavishwa blanketi na huku feni zinawapepea. Wananyolewa ndevu za mdomoni, wanapakwa mafuta usoni mpaka macho yanaonekana makubwa. Nikamwambia Mzee hawa si farasi, ni maharusi. Akajibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Ni kweli, Mama, ila hawa hawana shangazi."

Lililonitisha mimi ni macho ya watu. Kwetu mnyama mzuri huchungwa mbali na njia, na mpita njia akimsifu ndama wako unamwambia amtemee mate kidogo ya baraka, asije akamtia kijicho. Huku watu walilipa kiingilio ili mnyama wao akatazamwe. Nilimweleza Mzee hayo, na tangu siku hiyo, kwenye maonyesho, mtu akija kumsifu farasi wetu, Mzee aligeuka pembeni akafanya "ptu". Wazungu walidhani ana kikohozi.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Farasi akipata utepe, jina lake linamtangulia. Wenye majike huwaleta wapandwe, na watoto wakitoka wazuri, thamani ya dume inapanda. Majike wadogo huuzwa. Madume wasiofikia huhasiwa, wanaofikia huwekwa. Wanunuzi walikuja Jumamosi na trela zao, wengine kutoka Virginia, wengine kutoka Pennsylvania, wakazunguka farasi bila kumgusa, mikono nyuma, kama watu wanaotazama nyumba ya kupanga. Wauzaji wengine humsimamisha mnyama penye mwinuko, miguu ya mbele juu, kasoro zijifiche. Mzee alimtoa farasi kwenye saruji tambarare, na mgeni kabla hajafungua mdomo alikwisha kutajiwa kasoro. Huyu kwato lake la nyuma linageuka. Huyu hapendi trela. Nilimuuliza ni biashara gani hiyo ya kujitia aibu. Akaniambia, "Kasoro akiiona mwenyewe, atatafuta nyingine. Nikimwonyesha mimi, anaacha kutafuta."

Kisha huja zamu ya ukoo. Farasi wale wana ukoo kuliko watu, na majina yao ni marefu kama sala. Niliyashika yote kwa masikio, na Mzee alifanya mzaha wa kuniita mbele ya wageni. Nilisimama na leso yangu kiunoni, nikataja baba, babu, baba wa babu, mpaka yule dume mkuu aliyekufa zamani ambaye kila mtu alitaka damu yake. Jina lile nilikuwa nalitamka kwa sauti ya juu kidogo, kwa sababu nililiona linavyowachangamsha wageni.

Farasi wangu alikua. Mwaka ule wa nyenje, walipotoka ardhini wakafunika miti yote na kupiga kelele mchana kutwa, alishinda maonyesho makubwa ya madume, na nyenje mmoja amemkalia begani. Mzee alinitafuta kwa macho kati ya watu akaninyooshea ule utepe, kwamba ni wako. Mwaka uliofuata majike wakaanza kuletwa. Mzee alimpigia simu kaka yangu kumwarifu kwamba mgeni ameanza kuzaa, na kaka akafurahi, akasema sasa tunaelewana.

Siku moja mchana, miti ikiwa imeanza kugeuka rangi, tulikuwa zizini mimi na Mzee. Farasi alikuwa ameshuka kwenye trela muda mfupi tu. Niliona ubavu wake unatetemeka, nikadhani ni nzi. Kisha mtetemo ukapanda begani, ukaenda matakoni, nyama zikawa zinacheza kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Ngozi nyeupe ikamfunika nusu ya jicho. Akakaa kwa miguu ya nyuma kama mbwa, yeye, mnyama aliyesimama kama meza.

Mzee hakukimbia huku na huku. Alitoa kwenye rafu chupa ya sharubati ya mahindi, ile sukari nzito ya maji ya kutengenezea keki, akamminyia mdomoni, akawa anazungumza naye polepole. Nikajua chupa ile haikuwekwa pale leo. Baada ya kitambo farasi akasimama, akalowa jasho, akaanza kula kana kwamba hakuna kitu.

Ndipo Mzee akanieleza. Ni ugonjwa wa misuli, wa kurithi, na kila aliyenao ameupata kwa babu mmoja, yule dume mkuu niliyekuwa nikimtaja kwa sauti. Yeye ndiye aliyeleta zile nyama nene za kifua na matako zilizokuwa zikishinda kila mahali, na mtetemo ukaja naye. Watu wa maonyesho walijua, wakafumba macho, kwa sababu wenye mtetemo ndio waliokuwa wakishinda. Siku hizi, akasema, nywele za mkia hupelekwa maabara kupimwa, na za wa kwetu zilikwisha kupelekwa. Ameurithi kwa upande wa mzazi mmoja, si pande zote mbili. Kwa hiyo nusu ya watoto wake watakuwa nao, nusu watakuwa salama, ilimradi jike awe safi. Hilo alimwambia kila mwenye jike.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mwenye farasi. Akatazama chini. Akasema mtu hatoi mahari yenye ugonjwa, na alipoitoa hakujua.

Msimu uliofuata mama mmoja wa Virginia alipiga simu. Mzee alimwambia habari za dume wetu, lakini yule mama hakuwahi kumpima jike wake, na kumbe na jike alikuwa nao. Mtoto alizaliwa na pande zote mbili. Alipumua kama msumeno unaokata ubao mbichi, hakuweza kunyonya na kupumua kwa pamoja, akafa. Yule mama hakulaumu. Alitaka tu Mzee ajue. Mzee alibaki na simu mkononi hata baada ya yule mama kukata, mpaka nikaichukua nikairudisha mahali pake.

Wakati huohuo figo zake mwenyewe zikakataa kazi. Alikuwa na sukari miaka mingi. Wakamtengenezea mshipa mkononi, akawa anakwenda kuoshwa damu kila baada ya siku moja, na kwa sababu ya mshipa ule akakatazwa kushika kamba ya farasi. Na chakula kikabadilika. Hatakiwi ndizi, hatakiwi viazi, hatakiwi molasi. Farasi naye daktari wa mifugo alikwisha kumkataza molasi na majani ya lusini na vitu vya namna hiyohiyo, kwa kuwa chumvi iliyomo, ileile inayomdhuru mwenye figo mbovu, ndiyo inayomtetemesha yeye. Mzee aliliona jambo hilo la kuchekesha kuliko yote. "Mama," alisema, "daktari wangu na daktari wake wangeweza kushirikiana gari." Nikawa namchemshia viazi mara mbili na kumwaga maji, kama binti yangu alivyonionyesha, na Mzee akavila akisema vina ladha ya karatasi ya shule.

Halafu ukaja ule mwaka mafuta yakapanda, nyasi kavu zikawa adimu kwa ukame, na nyumba za watu zikaanza kuchukuliwa na mabenki. Hata Bowie, mtaani kwetu, ziliwekwa bango. Farasi wa kutazamwa tu ndio wa kwanza kukosa mtu. Mzee akauza majike, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, kwa waliotaka kuwapanda njiani na watoto wao. Kila trela lilipoondoka alisimama mpaka liishe kwenye kona. Mkwe wangu alimwandalia chumba cha chini Bowie, karibu na choo, na binti yangu akawa anamsihi, "Dad, njoo tu, sisi hatutachoka na wewe." Alijibu kwamba atakuja, dume akipata mahali.

Mahali alipopataka ni pale ambapo angebaki dume, asihasiwe. Hilo ndilo lililomshikilia. Mkewe alimlea mama wa yule farasi kwa chupa, hawakujaliwa kupata mtoto zaidi ya huyo mmoja aliyeoa kwangu, na majike wote wa ukoo ule walikuwa wamekwenda kwa watu wasiozalisha. Huyu akihasiwa, imekwisha. Mzee hakuyasema haya yote kwa mara moja. Aliyasema kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, huku akila viazi vyangu.

Wanunuzi wa dume walikuja, wakasikia habari ya nywele, wakashukuru, wakaondoka. Mmoja tu, mwanamke wa mji wa Laurel, karani wa ofisi ya serikali, alisema yeye hataki dume, ana farasi mzee mpweke anayehitaji mwenzake malishoni. Akihasiwa atamchukua na atamlisha inavyotakiwa. Mzee alimjibu kwa adabu kwamba atafikiri.

Kisha akaja dalali. Alikuwa mtu mchangamfu, kofia safi, akamzunguka farasi mara nyingi, akaambiwa kila kitu kama kawaida ya Mzee. Hakushtuka. Alisema anawajua watu wa mbali, magharibi huko, wasioulizia nywele, na wenye majike wengi. Atamchukua kama alivyo. Atarudi Jumamosi ijayo na trela, kama Mzee ameamua.

Alipoondoka Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mkwe wangu alikuwa amewapeleka watoto kutazama kobe wa maji kwenye kijito, tukabaki sisi wawili.

"Kwenu mngefanyaje?" akaniuliza.

Nilimweleza kwamba kwetu fahali anayezaa ndama wabovu hapewi jirani. Si kwa wema wa watu. Ni kwa sababu ng'ombe wanazunguka. Fahali wako anampanda ng'ombe wa jirani, jirani anamtoa ndama kuwa mahari, mahari inakwenda ukoo mwingine, na miaka ikipita kijana wa ukoo huo anaoa kwako, na ubovu wako unaingia langoni kwako mchana, unapigiwa vigelegele.

Mzee akatabasamu kidogo. "Huku hakuzunguki, Mama. Farasi akiondoka, ameondoka."

"Anaondoka kwako," nikasema. "Kwa mwenye jike anafika."

 Najua alikuwa anamsikia yule mwanafarasi wa Virginia akipumua, kwa maana na mimi nilikuwa namsikia, ijapokuwa hakuna kati yetu aliyemwona. Akauma mdomo, kisha akasema kwa sauti ndogo jambo ambalo sijalisahau. "Mama, mimi ninaondoka. Nilitaka kitu kimoja kibaki kinazaa."

 Alikuwa na wajukuu watatu pale kijitoni, angeweza kuwasikia wakigombania kobe. Lakini mjukuu si jibu la kila kitu. Farasi wale alikuwa amewapanga yeye na mkewe, jike huyu na dume yule, kwenye meza ya jikoni, baridi baada ya baridi. Ilikuwa ndiyo kazi waliyoifanya kwa ajili ya mioyo yao. Ile kazi yake ya mshahara ofisini ilikuwa ya kulipia nyasi tu.

Nikamuuliza tu, "Farasi ni wangu au si wangu?"

"Ni wako."

"Basi nipe siku moja."

Kwa maana na mimi nilikuwa na langu. Kesho yake nilimpigia kaka yangu. Nilimweleza yote, akasikiliza, akaniambia nilichoogopa kuambiwa. Fahali wa mahari hahasiwi ndoa ingali hai. Ukimkata, umeikata nyumba ya binti. Nikamwambia huyu ni farasi. Akasema tulimpokea badala ya nini? Nikamwambia anazaa watoto wanaokufa.  Mwishowe akasema yeye ni mzee wa kwetu nyumbani, sheria ya Amerika haijui, lakini nikikata nisimwambie siku gani.

Binti yangu nilipomdokeza alicheka, akiwa anavaa viatu vya kazi. "Mama jamani, ndoa yangu iko kwa farasi?" Lakini usiku ule aliporudi kwenye zamu nilimwona amesimama mlangoni pa chumba chao, mumewe amelala, anamtazama.

Nikamwambia Mzee: mhasi.

Daktari wa mifugo alisema dawa ya usingizi inaweza kumletea mtetemo na moyo ukasimama, kwa hiyo atamfanya amesimama, kwa sindano ya ganzi na ya kumtuliza. Ilikuwa asubuhi ya ubaridi. Mkwe wangu alishika kamba, kwa kuwa Mzee haruhusiwi. Mzee alisimama upande wa jicho la farasi, karibu sana, chupa ya sharubati mfukoni mwa koti, akawa anamtajia ukoo wake kwa Kiingereza, jina baada ya jina. Alipofika kwa bibi yake farasi, Mzee akakwama. Ugonjwa ulikuwa umemla kumbukumbu. Akanigeukia, nikamtajia, akaendelea. Farasi alitetemeka mara moja ubavuni, akapewa sharubati, ikapita. Daktari alikuwa na mikono myepesi. Kilichotoka akakitia kwenye ndoo ya plastiki, akaifunika, akaenda kuiweka nyuma ya gari lake bila kusema, na nikamshukuru kwa hilo.

Dalali alikuja Jumamosi, akaambiwa. Akasema ni hasara, farasi kama yule. Mzee akamwambia ndiyo.

Kidonda kilipopona mwanamke wa Laurel akaja na trela. Mzee alimpa mablanketi yote, brashi, dawa, akamweleza malisho mwanzo mpaka mwisho. Hatamu ya fedha yule mwanamke aliikataa, akasema haitakuwa na kazi. Farasi alipanda trela bila shida, yeye aliyekuwa halipendi. Trela halikusimama kwenye kona.

Mzee akahamia Bowie. Alikaa dirishani, akitazama magari yakitoka asubuhi na kurudi jioni. Hakulalamika. Watoto walipenda kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu akishachoka. Ila ukimletea chakula alikuwa anakiangalia kwanza kama mtu anayetafuta kasoro ya kumwonyesha mnunuzi, kisha hakuitaja.

Kiangazi, siku isiyo ya kuoshwa damu, mkwe wangu alitupeleka Laurel. Yule mwanamke alikuwa na uwanja mdogo nyuma ya nyumba za ghorofa, ua wa mbao, miti miwili, na treni unaisikia ikipita kwenda Baltimore. Kulikuwa na farasi wawili wanakula nyasi mgongo kwa mgongo. Mzee alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

Wetu alikuwa amechujuka. Jua lilikuwa limemfanya rangi ya chai ya maziwa, ndevu zimeota mdomoni, matope magotini, na zile nyama za kifua zimekwenda. Alikuwa farasi tu, ungempita barabarani usigeuze shingo. Mzee alijishikilia kwenye ua kwa ule mkono mzima. Akaita. Farasi akainua kichwa, akatafuna, akatutazama vizuri, akainama tena kula. Mwenzake akasogea, naye akasogea.

Mwanamke wa Laurel alitoka na glasi za maji ya baridi, akasema ni mnyama mtulivu ajabu, hajatetemeka hata mara moja. Mzee akamshukuru. Kisha akaanza kumweleza malisho. Asimpe molasi. Asimpe lusini, hata iwe ya bure. Nyasi zikiwa mpya azichanganye na za zamani. Yule mwanamke akasema anakumbuka. Mzee akamweleza tena, molasi, lusini, mpaka mwanawe akamgusa bega, na bado njia nzima ya kurudi garini alikuwa amegeuza shingo, anamwambia kuhusu tufaha, kwamba tufaha halina neno, ila asizidishe.

Tulipokuwa barabarani aliniambia, "Hakunijua."

"Alikujua," nikamwambia. "Alikuwa anakula."

Akacheka kidogo puani. Kisha akageuzia dirisha uso, na mkwe wangu hakuwasha redio, na magari yalikuwa mengi kiasi kwamba tulikwenda polepole sana hadi Bowie.